Kitambi, presha na sukari: Chakula cha nyumbani kinavyoweza kupoza moto wa ndani ya mwili

Mtu wa Tingi aliyekwenda mjini kutafuta maisha akirudi likizo na kitambi, nyumbani husifiwa. Amenawiri, hela ipo. Lakini akipita zahanati kupima, huenda akaambiwa presha imepanda kidogo na sukari nayo imeanza kusogea juu.

Kwa kuwa haumwi popote, anaona si tatizo. Kumbe ndani ya mwili kuna jambo limeshaanza, na chakula anachokula kila siku kinaweza kulichochea au kulipoza.

Sindromu ya metaboli ni nini?

Si ugonjwa mmoja. Ni mkusanyiko wa matatizo yanayopenda kutembea pamoja. Mtu huhesabiwa kuwa nayo akiwa na angalau matatu kati ya haya matano:

- Kiuno kipana: kwa Waafrika, kipimo kinachotumika sana ni sentimita 94 au zaidi kwa mwanaume na 80 au zaidi kwa mwanamke
- Presha ya 130/85 au zaidi
- Sukari ya 5.6 au zaidi, ikipimwa asubuhi kabla ya kula
- Mafuta ya damu aina ya triglisaridi kufikia 1.7 au zaidi
- Mafuta mazuri, HDL, kuwa chini ya 1.0 kwa mwanaume au 1.3 kwa mwanamke

Anayetumia dawa za presha au sukari huhesabiwa kuwa na tatizo hilo hata kama vipimo vyake vimeshuka.

Matatizo haya yakikutana, hatari ya kupata kisukari, kiharusi na ugonjwa wa moyo inaongezeka.

Moto usioonekana

Mtu akijikata na jembe, kidonda huvimba, huwa chekundu na cha moto. Hiyo ni kinga ya mwili ikifanya kazi yake. Wataalamu huita hali hiyo inflamesheni. Kidonda kikipona, nayo hutulia.

Kwa mwenye sindromu ya metaboli, kuna inflamesheni ya aina nyingine. Ni ya chinichini, haina uvimbe wa kushika wala maumivu, na haizimiki. Ni kama kaa la moto lililofunikwa na majivu.

Chanzo kikubwa ni mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka ini na utumbo. Mafuta haya hayakai tu kama akiba. Seli zake zikijaa kupita kiasi, huita askari wa kinga na kumwaga kemikali za uchochezi kwenye damu. Ini nalo huitikia kwa kutengeneza protini iitwayo CRP, ambayo hospitali huweza kuipima.

Kemikali hizo hufanya mwili usiitikie vizuri homoni ya insulini, inayosaidia kuingiza sukari kwenye seli. Sukari inabaki kwenye damu, mafuta yanaongezeka, na kuta za mishipa zinaanza kuharibika. Mzunguko unaendelea hivyo kwa miaka kabla mtu hajaugua.

Chakula kinaingiaje hapo?

Soda, maandazi, mkate mweupe na chipsi huingiza sukari, wanga uliokobolewa au mafuta mengi kwa haraka. Chupa moja ya soda ya kawaida ina zaidi ya gramu 30 za sukari. Nguvu isiyotumika inageuzwa kuwa mafuta, na sehemu yake inakwenda tumboni.

Maharage, mboga za majani, matunda na nafaka isiyokobolewa vina nyuzinyuzi. Binadamu hawezi kuzisaga zote, ila bakteria wazuri wa utumboni huzila. Wakishazila, hutengeneza asidi zinazoimarisha ukuta wa utumbo na kutuliza kinga ya mwili.

Jaribio la Kilimanjaro

Tanzania ina ushahidi wake. Mwaka 2025, jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Kilimanjaro na watafiti wa Tanzania wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi.

Walishiriki wanaume 77 wenye afya njema, wa mjini na wa vijijini. Kundi la vijijini lililozoea chakula cha asili lilibadilishiwa na kupewa chakula cha kimagharibi kwa wiki mbili. Kundi la mjini likafanya kinyume chake: likarudi kwenye mboga, maharage na nafaka nzima. Kundi jingine lilikunywa kinywaji cha ndizi kilichochachushwa kwa wiki moja.

Wiki mbili tu zilitosha. Waliohamia chakula cha kimagharibi waliongezeka uzito, protini za uchochezi zilipanda kwenye damu, na seli zao za kinga zikawa dhaifu zaidi mbele ya vimelea. Waliorudi kwenye chakula cha asili, na wale wa kinywaji cha ndizi, inflamesheni yao ilipungua. Baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye.

Na aliyekwishapata tatizo?

Wanaume wa Kilimanjaro walikuwa wazima. Kwa wenye sindromu yenyewe, ushahidi mmoja unaojulikana sana unatoka Italia, na ulichapishwa mwaka 2004.

Wagonjwa 180 waligawanywa makundi mawili ya watu 90. Kundi moja lilielekezwa kula zaidi nafaka nzima, matunda, mboga, karanga za aina mbalimbali na mafuta ya zeituni. Jingine lilipewa ushauri wa kawaida wa kula vizuri.

Baada ya miaka miwili, CRP ilishuka zaidi kwa kundi la kwanza. Na waliobaki na sindromu walikuwa 40 tu, dhidi ya 78 wa kundi la pili.

Sahani ya Tingi

Mwenye tatizo hili Tingi hahitaji kutafuta mafuta ya zeituni. Vingi vinavyohitajika viko shambani, sokoni na ziwani.

*Usipa na samaki wengine wa Ziwa Nyasa.* Wana protini, na samaki wadogo wa aina ya dagaa wana mafuta ya omega-3 yanayosaidia kupunguza inflamesheni. Ni bora kuchemsha au kuunga kwa mafuta kidogo kuliko kuzamisha kwenye karai la mafuta. Samaki wa chumvi waloweke kwanza na maji yamwagwe.

*Maharage.* Milima ya Mbinga inayalima kwa wingi. Yakiwa mengi kwenye sahani, ugali unapungua bila njaa.

*Dona badala ya sembe.* Dona hubaki na pumba na kiini cha mahindi. Hata hivyo, dona ni wanga vilevile. Mlima wa ugali, uwe wa dona au wa muhogo, bado unapandisha sukari.

*Mboga za majani.* Matembele, majani ya maboga, kisamvu: nusu ya sahani ni kipimo kizuri.

*Vinywaji.* Kahawa haina shida, shida ni sukari inayomiminwa ndani yake. Na matokeo ya kinywaji cha ndizi si ruhusa ya kulewa. Pombe nyingi hupandisha presha na triglisaridi.

Chumvi kwa siku isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyo ndani ya vyakula.

Tahadhari

Chakula hakichukui nafasi ya dawa. Anayetumia vidonge vya presha au sukari asiviache kwa sababu ameanza kula dona. Anayechoma insulini amwambie daktari kabla ya kupunguza wanga, maana sukari inaweza kushuka ghafla, na hiyo nayo ni hatari. Mwenye ugonjwa wa figo apate ushauri wake peke yake.

Barabara ya lami kati ya Mbinga na Mbamba Bay imerahisisha mambo mengi, zikiwemo soda na biskuti kufika vijijini. Maendeleo hayo hakuna anayeyakataa. Ila kijana anayeona aibu kula usipa na maharage mbele ya mgeni, akakimbilia chipsi, anaacha chakula ambacho leo watafiti wanakipigania.

Pa kuanzia ni rahisi: futi ya fundi cherehani kiunoni, na kipimo cha presha zahanati.