Vitabu vya Kutambulia Ndege: Kutoka Ulaya hadi Ndosho

Kitabu cha kutambulia ndege kina kazi moja kubwa: kumsaidia mtu aliyemwona ndege kwa muda mfupi tu amjue ni yupi, bila kumkamata wala kumuua. Ni kitabu cha kubebwa mkononi au mfukoni, kilichojaa michoro ya rangi, maelezo mafupi na ramani ndogo zinazoonyesha kila ndege anaishi wapi. Ndicho chombo cha pili cha mtazama ndege, baada ya darubini.

Ndosho ni mahali pazuri pa kupimia uwezo wa vitabu hivyo, na udhaifu wao pia. Mtaa huu wa komine ya Karisimbi, magharibi mwa Goma kando ya barabara ya Sake, umejengwa juu ya mawe meusi ya volkano. Kaskazini yake iko Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ambamo zaidi ya spishi 700 za ndege zimeandikwa. Kusini kuna Ziwa Kivu. Mashariki, kilomita chache tu, ni mpaka wa Rwanda. Ndege wa msitu wa Kongo, wa milima ya Bonde la Ufa na wale wanaokuja na majira kutoka Ulaya wote wanakutana katika eneo hili. Hakuna kitabu kimoja kilichoandikwa kwa ajili ya mchanganyiko huo, hivyo msomaji wa hapa analazimika kujua kila kitabu kilitungwa wapi na kwa ajili ya nani.

Chimbuko la vitabu hivi liko Ulaya na Marekani. Thomas Bewick, mchonga picha wa Uingereza, alitoa historia yake ya ndege wa Uingereza katika majuzuu mawili, mwaka 1797 na 1804, ikiwa na picha zilizochongwa kwenye mbao. Ilipendwa sana, na mpaka leo picha zake zinavutia. Lakini kwa zaidi ya miaka mia moja baadaye, wataalamu waliendelea kutambua ndege kwa bunduki. Ndege alipigwa risasi kwanza, kisha akapimwa bawa, mdomo na mguu akiwa mezani. Vitabu vya wakati huo viliandikwa kwa ajili ya ndege aliyekufa, na mtu aliyesimama shambani akimtazama ndege hai mtini hakupata msaada mkubwa ndani yake.

Aliyegeuza mambo ni mchoraji Mmarekani, Roger Tory Peterson. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 25, alichapisha kitabu kidogo juu ya ndege wa mashariki mwa Marekani. Aliwachora ndege wanaofanana wakiwa pamoja kwenye ukurasa mmoja, wote katika mkao mmoja, kisha akaweka mishale midogo inayoelekea kwenye alama zinazowatofautisha: mstari juu ya jicho, doa bawani, rangi ya miguu. Msomaji hakuhitaji tena kusoma orodha ndefu ya rangi za manyoya. Alitazama mshale, akamtazama ndege, akaamua. Karibu kila kitabu cha kutambulia ndege kilichofuata duniani kimejengwa juu ya wazo hilo, kiwe na mishale au kisiwe nayo.

Mwaka 1954 Peterson alishirikiana na Waingereza Guy Mountfort na P. A. D. Hollom kutoa kitabu cha ndege wa Uingereza na Ulaya, na kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Baadaye, kati ya 1977 na 1994, kazi kubwa ya majuzuu tisa, *Birds of the Western Palearctic*, ilikusanya karibu kila lililojulikana kuhusu ndege wa Ulaya, Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Hiyo ni kazi ya maktaba, wala haibebwi porini. Kitabu ambacho watazama ndege wengi wa Ulaya wanakitegemea leo kilitoka mwaka 1999, chenye maandishi ya Lars Svensson na michoro ya Killian Mullarney na Dan Zetterström. Kwa Kifaransa kinaitwa *Le guide ornitho*. Michoro yake inamwonyesha ndege akiwa kinda, akiwa mzima, dume na jike, aliyetua na anayeruka, na ubora wake haujapitwa kwa urahisi na kitabu chochote cha aina hiyo.

Kitabu cha Ulaya kina manufaa kwa mtu wa Goma kwa sababu ndege wengi waliochorwa ndani yake wanafika Afrika. Mwaka 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete ndogo mguuni huko Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 alipatikana Natal, Afrika Kusini. Tangu hapo ikathibitika kwamba mbayuwayu wa Uingereza huvuka bara zima la Afrika kwenda na kurudi. Kati ya Septemba na Aprili mbayuwayu wa Ulaya huonekana pia katika anga za Afrika ya Kati, na hapo ndipo kazi ya kutambua inapoanza, kwani wanachanganyika na mbayuwayu wa Angola, ambaye ni mwenyeji wa nyanda za juu za eneo hili. Wote wawili wana mgongo wa buluu inayong'aa na koo jekundu la kutu. Wa Ulaya ana mkanda mpana mweusi kifuani na tumbo jeupe au la maziwa. Kwa yule wa Angola, wekundu wa koo unashuka hadi kifuani, mkanda ni mwembamba na umekatika, na tumbo ni la kijivu. Katika *Le guide ornitho* wa Angola hayumo, na mtu anayetegemea kitabu hicho peke yake atamwita kila mbayuwayu mwenye koo jekundu mgeni kutoka Ulaya.

Mwewe ni somo jingine, na huyu kila mtoto wa Ndosho anamfahamu kwa sababu ya vifaranga. Mkia wake wenye panda unatosha kumtenga na ndege wengine wakubwa wala nyama. Swali gumu zaidi ni kama ni mwewe wa hapa au aliyekuja kutoka Ulaya au Asia. Mwewe mzima wa Afrika ana mdomo wote wa njano. Yule wa Ulaya ana mdomo mweusi wenye ngozi ya njano kwenye mzizi wake tu. Ila kinda la mwewe wa Afrika nalo lina mdomo mweusi, hivyo alama moja haitoshi, na ni lazima kutazama rangi ya kichwa na manyoya, pamoja na kalenda. Kitabu kizuri kinaeleza mtego kama huo waziwazi. Kibaya kinachora ndege mmoja mzima na kuishia hapo.

Chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua ya bustani, wanahitaji subira zaidi. Madume wanang'aa kijani, zambarau na nyekundu, na kuwatambua si kazi. Majike wengi ni wa kahawia au kijivu kijani, wanafanana mno, na mara nyingi njia ya uhakika ni kusubiri dume aje karibu naye. Kusikiliza sauti nako kunasaidia kuliko kukodolea macho manyoya.

Kwa ndege wakaaji wa mashariki ya Kongo, kitabu kilicho karibu zaidi kwa ubora ni *Birds of East Africa* cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka mwaka 2002 na kutolewa upya mwaka 2020. Chapa ya kwanza ilikuwa na spishi 1,388. Kinahusu Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, na ramani zake zinakoma kwenye mpaka wa Kongo. Kwa hiyo rangi inayoonyesha makazi ya ndege inafika Gisenyi na kukatika, ingawa ndege mwenyewe anatua Goma baada ya dakika chache. Msomaji wa Ndosho anapaswa kuisoma ramani hiyo kwa akili: ndege aliyewekwa upande wa Rwanda wa volkano, au katika misitu ya Bwindi na Nyungwe, ana uwezekano mkubwa wa kuwapo upande huu pia penye mazingira yale yale. Shorobo wa Rwenzori na chozi kadhaa wa milimani wamechorwa humo vizuri kabisa.

Wanaokosekana ni wale ambao Bonde la Ufa limewafungia upande wa Kongo. Kwao kuna *Birds of Africa South of the Sahara* cha Ian Sinclair na Peter Ryan, cha mwaka 2003, chenye spishi zaidi ya 2,100. Upana huo una gharama: maelezo ni mafupi mno, na msomaji anapambana na kurasa za ndege wa Namibia na Senegal kabla hajampata wa Kivu. Kwa Kifaransa, Léon Lippens na Henri Wille walitoa *Les oiseaux du Zaïre* mwaka 1976, kitabu kikubwa chenye picha, kinachofaa mezani kuliko njiani.

Msingi wa yote haya kwa upande wa Kongo ni kazi ya James Chapin. Alifika nchini mwaka 1909 pamoja na Herbert Lang, wakitumwa na makumbusho ya New York, akiwa na umri wa miaka 19 tu, na akakaa hadi 1915. Kutokana na safari hiyo na nyingine zilizofuata aliandika *The Birds of the Belgian Congo*, majuzuu manne yaliyotoka kati ya 1932 na 1954. Kisa chake mashuhuri kinaonyesha jinsi utambuzi unavyoweza kukwama. Mwaka 1913, huko Avakubi, alipata unyoya wenye mistari kutoka kwenye kofia ya mwenyeji. Hakujua ni wa ndege gani, akautunza. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, aliona ndege wawili waliokaushwa, wakiwa na kibandiko kinachosema ni tausi wachanga wa India. Unyoya ulikuwa wa ndege hao, na hawakuwa wa India. Walikuwa tausi wa Kongo, *Afropavo congensis*, ambaye wanasayansi hawakumjua ingawa wawindaji wa msituni walimjua siku zote. Kibandiko kimoja kisicho sahihi kilikuwa kimemficha mbele ya macho ya wataalamu.

Milima ya Itombwe, Kivu ya Kusini, imetoa mifano mingine. Alexandre Prigogine, mtu wa migodi aliyefanya kazi Kamituga, alikusanya ndege wa milima hiyo kwa miaka mingi na kuandika juu yao. Bundi wa aina ya pekee aliyepatikana huko mwaka 1951 anabeba jina lake, *Phodilus prigoginei*. Wa pili alinaswa kwenye nyavu mwaka 1996. Ndege wa namna hiyo wamechorwa vitabuni kutokana na ngozi iliyokaushwa, na rangi za ngozi hufifia, hasa zile za macho, miguu na ngozi isiyo na manyoya. Ndiyo maana habari ya mwanzoni mwa 2024 ilikuwa kubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso, wakiwa na wenzao wa kituo cha utafiti cha Lwiro, walimwona tena Itombwe *Prionops alberti*, ndege mweusi mwenye ushungi wa njano, ambaye alikuwa hajaonekana kwa karibu miaka 20. Picha walizopiga ndizo za kwanza za ndege huyo, na wachoraji wa vitabu sasa wanaweza kuiona rangi halisi ya ngozi inayozunguka jicho lake.