Usaili wa serikalini: silabasi imo ndani ya tangazo

Aliyesota kusaka ajira serikalini utamjua anavyofungua PDF ya matokeo ya usaili. Kichwa cha tangazo hakisomi. Anashusha hadi kwenye jedwali la kada yake, anaisaka namba yake, kisha jicho linaruka alama na kutua kwenye safu ya mwisho inayosema kama anaendelea hatua inayofuata au safari imeishia hapo. Majina hayamo. Aliyepata 71 na aliyepata 38 wote ni namba, na mtaani kila mmoja ana uhuru wa kusema alikosa kwa alama moja.

Ushindani wenyewe hauna mzaha. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yalifika 135,027, yaani watu takriban 85 kwa kiti kimoja. Miezi michache kabla ya hapo walimu zaidi ya 200,000 walikuwa wameomba nafasi 14,648. Na wenye kumbukumbu ndefu hawajasahau Juni 2014, pale zaidi ya vijana 10,000 walipokusanyika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Walikaa majukwaani kama watazamaji wa Simba na Yanga, karatasi zikiwa mapajani.

Ukisikia hesabu hizo unaweza kuamua mambo mawili: kukata tamaa, au kumtafuta mjomba mwenye mtu anayemjua mtu. Mimi naona hata chujio hili chungu ni afadhali kuliko enzi za kimemo. Sidai kwamba mfumo hauna mianya. Ila mtihani wa kuandika, unaosahihishwa kwa namba, ndiyo hatua pekee ambayo mtoto wa mkulima wa Kasulu na mtoto wa mkurugenzi wa Masaki wanaulizwa swali lilelile bila mtu kujua ukoo wao. Hatua hiyo inastahili kuandaliwa kwa akili, na wengi wanaiandaa vibaya.

Kosa la kawaida ni kuyafufua madaftari ya chuo. Kijana ana shahada au stashahada, ameitwa usaili baada ya wiki mbili, anaanza kukariri nadharia za mwaka wa kwanza. Wakati huo tangazo la kazi, lenye orodha ya majukumu ya nafasi aliyoomba, alilisoma mara moja tu siku ya kutuma maombi. Orodha hiyo ndiyo silabasi, na hakuna nyingine.

Chukua kada ya Mtendaji wa Kijiji Daraja la III, ambayo halmashauri huitangaza mara kwa mara. Majukumu yake yanajulikana: mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji, msimamizi wa ulinzi na usalama wa raia na mali zao, mratibu wa mipango ya maendeleo, katibu wa vikao vya Halmashauri ya Kijiji. Mwombaji mvivu husoma mistari hiyo na kutikisa kichwa kwamba ameelewa. Mwombaji makini huigeuza kila mstari kuwa maswali. Ukiwa katibu wa Halmashauri ya Kijiji, halmashauri hiyo ina wajumbe wangapi? Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya, Sura ya 287, inasema wasipungue 15 wala wasizidi 25. Kamati zake za kudumu ni zipi? Fedha, uchumi na mipango. Huduma za jamii na shughuli za kujitegemea. Ulinzi na usalama. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa nani? Ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, na unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Je, mwenyekiti akigoma kuuitisha, wewe mtendaji utafanya nini? Ukifika swali hilo la mwisho umeshatoka kwenye kukariri, umeingia kwenye kazi yenyewe, na ndiko paneli ya mahojiano itakakokupeleka.

Kada nyingine ni vilevile. Tangazo la dereva linapotaja kukagua gari kabla na baada ya safari na kujaza daftari la safari, mwombaji ajue kulieleza daftari hilo mstari kwa mstari: tarehe, alikotoka, anakokwenda, kilomita, mafuta, sahihi. Kuna madereva wazuri sana barabarani wanaoanguka kwenye karatasi kwa sababu hawajawahi kufikiri kwamba daftari lile ni sehemu ya udereva.

Juu ya majukumu ya kada, yapo mambo ambayo mtumishi yeyote wa umma hategemewi kuyababaikia: Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, pamoja na kanuni zake, maadili ya utendaji, na upimaji wa kazi. Hapo kwenye upimaji ndipo notisi za kurithi zinapoua watu. Bado zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp zikifundisha OPRAS, mfumo wa zamani wa kupima utendaji, kana kwamba ndio unaotumika, ilhali serikali ilishahamia mfumo mpya wa PEPMIS. Notisi hizo huuzwa pamoja na “maswali yaliyopita”, shilingi elfu mbili hadi elfu kumi kwa faili, na muuzaji hakuambii aliyapata wapi. Mengine ni kumbukumbu za kweli za waliotoka chumba cha usaili, mengine mtu kayatunga sebuleni. Ya kufanyia mazoezi hayana ubaya. Ila anayekuahidi mtihani wa kesho kutwa ni tapeli, na hata asipokuwa tapeli anakuuzia jinai.

Kwa wanaolenga benki, ladha hubadilika kidogo. Benki nyingi hupenda kupima wepesi wa akili: mfululizo wa namba, asilimia, kusoma jedwali na kutoa hitimisho, yote saa ikikimbia. Mtu anaweza kuwa na shahada ya uhasibu na bado akakwama kwenye swali kama hili: mteja amekopa shilingi 6,000,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, inayokokotolewa juu ya mkopo wote, kwa miaka miwili, atarejesha kiasi gani kila mwezi? Riba ni 1,800,000, deni lote 7,800,000, ukigawa kwa miezi 24 unapata 325,000. Hesabu ya darasani kabisa. Ugumu ni kuifanya bila kikokotoo ndani ya dakika moja, na dawa yake ni mazoezi ya kila siku yenye saa mezani. Anayeomba Benki Kuu aongeze habari za uchumi zilizo hai. Tangu Januari 2024 Benki Kuu inaendesha sera ya fedha kwa kutangaza riba yake elekezi. Ilianza na asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili mwaka huo, kisha Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Anayejibu kwa kutumia kitabu cha miaka kumi iliyopita, akaishia kwenye ujazi wa fedha tu, anaonekana papo hapo.

Kabla ya yote hayo lipo chujio la kimyakimya la nyaraka, na ndilo linaloniuma zaidi, maana linaondoa watu wenye uwezo. Barua ya maombi isiyosainiwa. Hati ya matokeo badala ya cheti chenyewe. Jina la cheti cha kuzaliwa likisema hivi na la kidato cha nne likisema vile, bila hati ya kisheria ya kuyaoanisha. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanayaeleza mambo haya kwa lugha nyepesi, tena kwa herufi kubwa, na bado kila msimu watu wanaachwa kwa sababu hizo. Kisha wengine wanafika siku ya usaili bila namba, wakati tangazo lilishasema waingie kwenye akaunti zao wainakili kwa kuwa mlangoni haitolewi.

Na gharama? Tangazo husema msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Kwa mtu anayepanda basi kutoka Kigoma kwenda Dodoma kufanya mtihani, halafu arudi kusubiri kama ataitwa tena kwenye mahojiano, sentensi hiyo fupi ni mbuzi wawili wa mama. Ndiyo maana utakuta wanne wamechanga chumba kimoja cha gesti, wawili kitandani, wawili chini, wakiulizana maswali hadi taa izimwe. Usaili wa kuandika unaofanyika kwa kompyuta katika vituo vya mikoani umepunguza mzigo huu, na kama kuna jambo moja serikali inapaswa kuliharakisha, ni kuvieneza vituo hivyo hadi wilayani.

Kwenye mahojiano ya ana kwa ana sina mengi. Paneli huanza kwa kukutaka ujieleze, na hapo wengi husimulia shule ya msingi hadi chuo, mambo ambayo paneli tayari inayo mezani. Jibu la maana hutaja ulichosomea, kazi uliyowahi kuifanya hata ya kujitolea, na inavyogusa majukumu ya nafasi hiyo, kisha unanyamaza. Swali usilolijua, sema hulijui. Wazee wa paneli wameshasikia kila aina ya kubahatisha.

Anayefaulu mahojiano lakini nafasi zikajaa huwekwa kwenye kanzidata, na taasisi ikihitaji mtu wa kada hiyo kabla muda wake haujaisha, anaweza kupangiwa kituo bila kufanya usaili mwingine. Wapo wanaopangiwa halmashauri wasiyowahi kuikanyaga, miezi kadhaa baada ya kujikatia tamaa. Kwa hiyo usibadilishe laini ya simu, wala usisahau nywila ya akaunti yako.