Jaa la Taka na Leseni Zake: Utangulizi

Huenda kampuni yako inataka kuingia katika biashara ya taka, au wewe ni mwanafunzi wa sheria uliyeangukiwa na mada ambayo wenzako wameikwepa. Usivunjike moyo. Fomu ni nyingi, lakini ukishajua fedha huingia lini na madhara hutokea lini, utaona kila fomu ina kazi yake. Mfano wetu utakuwa Kenya.

Tuanze na biashara yenyewe. Mwenye jaa hulipwa siku lori linapomwaga mzigo. Mteja akishaondoka hana haja ya kurudi kuulizia taka zake. Lakini taka ndiyo kwanza zinaanza kazi. Mvua ikinyesha, maji hupenya lundo na kubeba kila kinachoyeyuka humo, chumvi, amonia, hata metali, kama maji ya moto yanavyopita kwenye majani ya chai. Hayo tuyaite maji ya taka. Huko chini, pasipo na hewa, vijidudu huozesha mabaki na kutoa methani, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa huweza kulipuka. Lundo lenyewe nalo huporomoka. Agosti 2024 jaa la Kiteezi, Kampala, liliporomokea nyumba za jirani na kuua watu zaidi ya 30.

Kwa hiyo mapato huja mapema na gharama huja baadaye. Sheria za majaa zimetungwa ili mwenye jaa abanwe na gharama hizo angali na fedha mkononi.

Msingi uko kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 42, inayompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Chini yake ipo Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, kisha Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2006, na sasa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Hapa wageni wengi huuliza: niende kaunti au NEMA, ile Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira? Nenda kote kuwili. Katiba imezipa kaunti kazi ya uzoaji na utupaji wa taka, na mara nyingi kaunti ndiyo mwenye jaa. NEMA ndiyo mdhibiti. Leseni ya NEMA haikuondolei wajibu wa kupata kibali ambacho kaunti inakidai.

Kabla ya leseni kuna tathmini ya athari kwa mazingira, yaani uchunguzi unaofanywa na wataalamu waliosajiliwa kabla ardhi haijachimbwa. Je, maji ya chini ya ardhi yako kina gani? Upepo unavuma kuelekea wapi? Nani anaishi hapo, na anasemaje? Wawekezaji huiona tathmini kuwa kikwazo. Mimi naiona ndiyo hatua ya bei nafuu kuliko zote zinazofuata, na sababu iko kwenye sakafu ya jaa. Jaa la kisasa hutandikwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, juu yake karatasi nene ya plastiki, kisha kokoto zenye mabomba ya matundu yanayopeleka maji ya taka bwawani. Vipande vya plastiki huunganishwa kwa joto, na kila kiungo hupimwa. Kiungo kimoja kikiachia baada ya taka kujazwa mita kumi juu yake, hakuna fundi atakayekifikia; ndiyo maana mahali pa jaa huchunguzwa kabla ya kuchimba.

Leseni ikishatoka, kazi huwa ya kila siku. Lori linalofika langoni lazima nalo liwe na leseni ya kusafirisha taka, na dereva awe na hati ya ufuatiliaji, karatasi inayoonyesha mzigo umetoka wapi na unakwenda wapi. Kila mwaka hufanyika ukaguzi wa mazingira. Usiuchanganye na tathmini: tathmini hukadiria yatakayotokea, ukaguzi hupima yaliyokwisha kutokea.

Sasa tufike kwenye fundo gumu. Leseni huisha baada ya mwaka mmoja, ilhali maji ya taka huendelea kutoka miaka mingi baada ya lango kufungwa. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 1999, unataka ada anayotoza mwenye jaa itoshe kulifunga na kulitunza kwa miaka isiyopungua 30. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya Kenya nacho kimefungua mlango wa amana ya dhamana, fedha inayowekwa mapema kama rehani ya kutunza mazingira. Kwa maoni yangu, mlango huo ungefaa kutumiwa kwa kila jaa jipya. Tazama jaa la Dandora, Nairobi: lilifunguliwa 1975 na kutangazwa limejaa 2001, na malori hayakukoma kumwaga.

Kwa hiyo ukiletewa mpango wa jaa jipya, pita michoro na uende moja kwa moja kwenye ukurasa wa bei. Tafuta ni shilingi ngapi za kila tani zimetengwa kwa ajili ya kulifunga jaa, na akaunti ya fedha hizo itashikwa na nani. Kama hakuna mstari huo, mrudishie mwenyewe mpango wake kabla hujasoma mengine.