Homoni baada ya hedhi kukoma: kweli au si kweli?

Diff iko Kenya, mpakani na Somalia, upande wa Wajir Kusini, na anayemtaka daktari bingwa wa wanawake husafiri hadi Wajir mjini au Garissa. Kwa nauli hiyo na vumbi hilo, heri mtu afike akiwa ameshayachuja aliyoyasikia.

"Joto la ghafla ni malaria." Si lazima. Joto la ukomo wa hedhi huanzia kifuani, likapanda shingoni na usoni, jasho likatoka, pengine na kibaridi kikafuata, yote kwa dakika chache. Malaria hupimwa kwenye damu. Usimeze dozi juu ya dozi bila kipimo.

"Homoni huleta saratani ya matiti." Homoni hapa ni dawa za kutuliza dalili za ukomo wa hedhi, kama joto hilo. Uvumi huu ni kweli iliyotiwa chumvi. Hofu ilitapakaa Julai 2002, utafiti mkubwa wa Marekani uliposimamishwa kabla ya wakati. Waliotumia estrojeni pamoja na projestini walikuwa na wagonjwa 8 zaidi wa saratani ya matiti katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Nane si sifuri, lakini pia si balaa lililosimuliwa. Tena wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, na waliokwisha kutolewa kizazi wakapewa estrojeni peke yake hawakupata ongezeko hilo. Kwa mwenye afya njema ambaye hajafika miaka 60, au ambaye hedhi yake haijatimiza miaka 10 tangu ikome, mara nyingi faida huzidi madhara. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda, hesabu yake ni nyingine. Aliseme hilo mwanzo kabisa.

"Iliyomfaa dada yangu itanifaa." Si kweli, na kwangu huu ndio uvumi wa hatari kuliko yote. Huenda dada alishatolewa kizazi. Mwenye kizazi akitumia estrojeni pekee, utando wa ndani hunenepa na unaweza kuzaa saratani. Lazima aongezewe projesteroni. Muulize daktari pia kama plasta au jeli inapatikana, maana hizo hazipandishi hatari ya damu kuganda kama vidonge.

"Homoni hizi huzuia mimba." Hapana.

"Damu ikirudi baada ya mwaka, ni ujana." Si kweli hata kidogo. Ya swala na saumu muulize sheikh, lakini damu yenyewe ichunguzwe hospitali, tena mapema.

"Ukavu na maumivu ya unyumba ni ya kuvumilia." Si kweli. Ipo krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, na kiasi kinachoingia mwilini ni kidogo mno. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta zaidi ya asilimia 97 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 Kaskazini Mashariki wametahiriwa, na kovu la tohara hiyo huweza kuufanya hata uchunguzi uwe na maumivu. Mwambie muuguzi kabla hajaanza. Tatizo jingine ni mkalimani: daktari asipojua Kisomali, mara nyingi anayetafsiri ni mtoto wa kiume wa mgonjwa. Mbele yake hooyo, yaani mama, atataja kichwa na magoti, basi. Aombe muuguzi wa kike atafsiri, na kijana asubiri nje.