Kongamano Lisilo na Watazamaji

Jumapili ya tarehe 3 Januari 1937, Waingereza wasiozidi 20, wengi wao vijana, walikutana katika ukumbi mmoja wa mji wa Leeds kuzungumzia roketi, safari za mwezini na viumbe wa sayari nyingine. Kilichowaleta ni mapenzi ya kusoma hadithi za kisayansi. Miongoni mwao alikuwamo mtumishi wa serikali wa miaka 19 aitwaye Arthur C. Clarke.

Waingereza huuhesabu mkutano huo kuwa kongamano la kwanza la aina yake, lakini Wamarekani wana lao la kusema. Wanadai kongamano la kwanza ni lile la Oktoba 1936, mashabiki wachache wa New York walipopanda treni kwenda Philadelphia kuonana na wenzao. Waingereza hujibu kwamba hiyo ilikuwa ziara tu, ilhali mkutano wa Leeds ulipangwa tangu mwanzo uwe kongamano. Ubishi huo haujapata mwamuzi mpaka leo.

Lisilobishaniwa ni matunda ya Leeds. Mkutano ule ulizaa chama cha mashabiki, nacho kikakichukua kijarida kilichoitwa Novae Terrae. Mwaka 1939 kijarida hicho kilipata mhariri mpya, John Carnell, na jina jipya, New Worlds. Baada ya vita kikageuka jarida kamili la kuuzwa madukani na kuwalea waandishi wengi wa Uingereza. Clarke naye, mwaka 1945, alichapisha makala iliyoeleza jinsi setilaiti tatu zilizowekwa kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta zingeweza kurusha mawasiliano duniani kote. Madishi ya televisheni yaliyotanda kwenye mapaa siku hizi huelekezwa kwenye setilaiti za masafa hayohayo.

Baadhi ya mikusanyiko iliyoanza midogo imevimba. Kongamano la Dunia la kwanza la hadithi za kisayansi, New York mwaka 1939, lilikuwa na watu wapatao 200. Sasa huhudhuriwa na maelfu. Tamasha la vibonzo la San Diego lilianza mwaka 1970 na watu mia chache, na leo hupokea zaidi ya 130,000. Huko mgeni hupanga foleni saa nzima ili amwone mwigizaji maarufu kwa mbali.

Lakini makongamano madogo hayakufa. Uingereza ina Novacon, iliyoanzishwa Birmingham mwaka 1971 na hufanyika kila Novemba. Boston ina Boskone, na Madison, katika jimbo la Wisconsin, ikapata WisCon mwaka 1977. Mengi ya aina hii hukaa ndani ya hoteli moja kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, na waandaaji hufanya kazi yote bila mshahara.

Anayekwenda huko hakati tiketi. Hulipa ada ya uanachama, akapewa beji yenye jina lake, na kuanzia hapo huhesabiwa kuwa mmoja wa wenyeji. Anaweza kuombwa apange viti, akae mezani kupokea wageni au aingie kwenye mjadala. Mgeni rasmi yupo, kwa kawaida mwandishi au mchoraji, ila akimaliza hotuba yake hatoroshwi kwa mlango wa nyuma. Jioni atakutwa baa au kwenye sofa za mapokezi, na msomaji aliyekerwa na mwisho wa riwaya yake ana nafasi ya kumuuliza ana kwa ana.

Shughuli za mchana hasa ni mijadala. Watu wanne au watano huketi mbele, mmoja akiongoza: je, chombo kinachosafiri karne kadhaa kitatawaliwa vipi? Mashine ikifikiri, nani abebe lawama ikikosea? Muda si mrefu mikono ya waliokaa chini huanza kuinuka, na huenda anayesimama ni mhandisi au daktari anayeijua mada kuliko wote walioko mbele. Pembeni kuna wauza vitabu vya zamani, maonyesho ya picha na mnada. Usiku ni zamu ya nyimbo na mavazi. Desturi ya mavazi ilianza kwenye kongamano lile la 1939, ambako Myrtle Douglas alishona nguo za watu wa kesho, yake na ya rafiki yake Forrest J Ackerman.

Mashabiki wazoefu humpa mgeni kanuni moja: kila siku alale walau saa tano, ale milo miwili na aoge mara moja. Ni mzaha, lakini aliyewahi kukaa chumba kimoja na watu waliokesha wakibishana anajua kwa nini kuoga kumetajwa.

Watu wachache wa makongamano haya wanaweza kuanzisha jambo kubwa. Mwaka 1991, kwenye WisCon, mwandishi Pat Murphy alitangaza tuzo ambayo yeye na Karen Joy Fowler waliibuni, ya hadithi zinazochunguza masuala ya jinsia. Sehemu ya fedha zake ilitokana na mauzo ya keki, harambee kabisa. Sasa huitwa Tuzo ya Otherwise.

Udogo una upande wake mchungu pia. Ugomvi haufichiki pale ambapo wote wanajuana: kwenye Kongamano la Dunia la 1939 vijana sita wa kundi hasimu walizuiwa mlangoni, akiwamo Frederik Pohl, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri. Siku hizi makongamano mengi huandika kanuni za mwenendo na kuteua watu wa kupokea malalamiko.

Afrika nayo imejijengea chama na tuzo zake. Chama cha waandishi wa hadithi za kisayansi na zinazofanana nazo kilianzishwa mwaka 2016, na mwaka uliofuata tuzo zake za Nommo zikatolewa kwa mara ya kwanza. Riwaya iliyoshinda ilikuwa Rosewater ya Tade Thompson, ambayo mwaka 2019 ilinyakua pia Tuzo ya Arthur C. Clarke huko Uingereza.

Katika makongamano madogo, Jumapili jioni huwa na karamu ya mwisho ya wale ambao hawajaondoka. Kabla ya hapo, meza moja huwa imefunguliwa karibu na mlango kwa ajili ya uandikishaji wa mwaka ujao, na kwa kawaida ada ya wanaolipa mapema huwa nafuu.