Umelipa, Tovuti Ikazima: Usilipe Tena

Tuseme unanunua sare za shule kwa tovuti ya duka la hapa Dallas, Embu. Umeweka PIN, SMS ya malipo imeingia, halafu ukurasa unabaki mweupe. Tunakuomba usilipe mara ya pili. Pesa imeshafika kwa till ya duka. Kilichoanguka ni seva, na pengine oda yako haikuandikwa. Mtumie mwenye duka nambari ya muamala. PIN usimpe mtu, hata akijiita fundi.

Sasa wewe mwenye duka. Kabla ya kumlipa fundi, kumbuka ni plagini gani umesasisha juzi. Kama unatumia WordPress, kuanzia toleo la 5.2 la mwaka 2019, angalia barua pepe kwanza: mfumo hukutumia linki ya kuingilia na kutaja plagini yenye shida. Hakuna kitu? Ingia kwenye faili za seva, folda ya wp-content, ubadilishe jina la folda ya plugins. Fungua ukurasa wa plagini ili zote zizimike, rudisha jina, kisha washa moja moja. Itakayoangusha tovuti tena, hiyo ndiyo mkorofi.

Tovuti ikirudi, linganisha oda na taarifa ya till tangu saa ilipozima. Kuna mtu amelipa na bado anangoja mzigo.