Boda wa Kisii, ramani ya simu na mikanda ya mionzi angani

UKO Daraja Mbili, Kisii, unasubiri boda kutoka Keroka. Kwenye simu unaona kadoti kakisogea polepole barabarani. Poa. Lakini umewahi kujiuliza hiyo ishara inatoka wapi?

Inatoka kwa setilaiti za GPS, kilomita 20,200 hivi juu ya vichwa vyetu. Na huko si mahali pa mchezo, maana ni ndani ya mkanda wa mionzi.

Chukua tyubu ya tairi uuvishe mpira wa miguu kiunoni. Hivyo ndivyo mkanda huo unavyoizunguka dunia. Sumaku ya dunia hunasa chembechembe zenye kasi kali na kuzizuia zisitoroke. Mikanda ni miwili: wa ndani una protoni kali, wa nje elektroni. Chembe hizi zinaweza kuharibu mitambo ya setilaiti isiyokingwa vizuri.

Sasa sikia kisa. Novemba 3, 1957, Muungano wa Sovieti ulirusha Sputnik 2, ile iliyombeba mbwa Laika. Mwanasayansi Sergei Vernov alikuwa ameweka ndani yake vifaa vya kuhesabu mionzi. Wanasayansi wa Australia walinasa mawimbi yake ilipopita kwao, lakini msimbo wa kuyasoma hawakuwa nao, na Wasovieti walikuwa wasiri. Explorer 1 ya Marekani ikaruka Januari 31, 1958, na mikanda ikaishia kuitwa kwa jina la Mmarekani, James Van Allen.

Mei 15, 1958 ikaja Sputnik 3, kilo 1,327 nzima. Kumbe kinasa data chake kilikuwa kimefeli! Ramani kamili ya mikanda ikakosekana.

Hawakukata tamaa. Januari 30, 1964, roketi moja ilibeba setilaiti mbili, Elektron 1 na Elektron 2. Moja ilipima mkanda wa ndani, nyingine ikapanda juu zaidi kupima wa nje. Julai mwaka huo zikafuata Elektron 3 na 4.

Na Kenya je? Tulikuwemo, bana. Novemba 15, 1971, Explorer 45 ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kazi yake ilikuwa kuchunguza chembe hizo na dhoruba za sumaku zinazozivuruga. Kwa kuwa ilizunguka ikifuata ikweta, ilipita karibu na anga ya Kisii na Nyamira mara nyingi, babu zetu wakiwa shambani wanachuma majani chai.

Mambo haya si historia tu. Mei 2024, dhoruba kali kutoka kwa jua ilivuruga GPS hadi matrekta ya wakulima Marekani yakakwama msimu wa kupanda.

Mwaka wa 1971 jukwaa lilikuwa kwenye maji yetu, lakini setilaiti ilikuwa ya wengine. Aprili 15, 2023, mambo yaligeuka: Taifa-1 ilikuwa yetu, roketi na jukwaa vya Marekani. Siku moja tutakuwa na vyote.

Kwa hivyo wewe uliye Nyamira na unataka kutupa kitabu cha fizikia, tulia kwanza. Waaustralia walikuwa na mawimbi mkononi wakakosa msimbo. Msimbo wenyewe uko kwenye hicho kitabu.